Watunzi wa Mapenzi Wanaojichapisha: Ngeli, Makazi na Malisho Yao

Usuli wa tatizo

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wameigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati, inayosomwa na wanafunzi kwa sababu imo kwenye mtihani, na riwaya pendwa, inayosomwa na watu wengine wote. Fungu la kwanza lina tasnifu za kujaza kabati. La pili lina wasomaji. Mgawanyo huu umedumu kwa kuwa unazipa amani pande zote mbili. Hata hivyo umeacha pengo la kitaaluma ambalo makala haya yanakusudia kuliziba, au walau kulichungulia: hakuna aliyejitwika kazi ya kuwaainisha watunzi wenyewe, hususan wale wa mapenzi ambao hawana mchapishaji, hawana mhariri, na bando lao linakwisha saa sita usiku.

Viumbe hawa si wapya. Mwaka 1971 John Simbamwene alitoa Mwisho wa Mapenzi, mwaka uleule Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika; na ikumbukwe kwamba iliyopigwa marufuku shuleni ni hiyo ya pili, ambayo leo inasomwa vyuoni kwa heshima zote. Faraji Katalambulla, aliyekwisha kuwatia watu hofu kwa Simu ya Kifo, aliliendesha jarida la Film Tanzania, ambamo visa vilisimuliwa kwa picha za watu halisi waliosimama walivyoelekezwa, maneno yao yakielea juu ya vichwa. Nairobi, David Maillu alianzisha Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akajichapia vitabu vyake vya Kiingereza vya kuingia mfukoni kuhusu pombe, makarani na masekretari. Viliuzwa kwa kasi iliyowakera maprofesa, na mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Dar es Salaam, Kajubi Mukajanga alizitoa hadithi zake chini ya Grand Arts Promotion muda mrefu kabla ya kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Habari, na Ben Mtobwa akaanzisha Heko ili asiendelee kubisha hodi kwa mchapishaji mwingine. Magazeti binafsi yalipofumuka miaka ya 1990, riwaya ikahamia humo kwa vipande, na Eric Shigongo akawa mtunzi na mwenye magazeti kwa wakati mmoja. Mwaka 2020 aliingia bungeni kwa jimbo la Buchosa, na huo ndio ushahidi tulio nao kwamba ngazi hii ina kilele.

Kisha M-Pesa ikafika Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na simu za kioo kikubwa zikafuata. Hapo mtunzi akapata kitu ambacho wote niliowataja walipoanza hawakuwa nacho: njia ya kupokea shilingi 500 kutoka kwa mtu aliye Nachingwea bila kuonana naye, bila duka, bila gari la kupeleka vitabu, na bila wakala wa kukaa na hela.

Hoja ninayoitetea ni kwamba bidhaa ya mtunzi huyu ni kusubiri, na mapenzi ni kifungashio tu. Ukiishika hoja hiyo, tabia zake nyingi zinazoonekana za ajabu zinapata maelezo.

Mbinu

Data zilikusanywa uwandani, yaani kitandani, kuanzia saa tatu usiku, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa kwa sababu za kifamilia. Sampuli ilikuwa lengwa: mtafiti alilenga magrupu aliyoweza kumudu kiingilio chake. Nadharia iliyoongoza uchambuzi ni ya Mwitiko wa Msomaji, ambayo huko ilikozaliwa humwazia msomaji akijibu kimoyomoyo. Katika uwanja wetu msomaji hujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, mtoto akilia nyuma. Kwa kuzingatia maadili ya utafiti, hakuna mtunzi wa mitandaoni atakayetajwa kwa jina. Utafiti haukufadhiliwa na taasisi yoyote, jambo ambalo msomaji ataliona mwenyewe.

Uainishaji umefuata ngeli, kwa kuwa huo ndio mfumo wa kupanga vitu ambao kila aliyepita shule ya msingi aliwahi kuchapwa kwa ajili yake.

Ngeli ya kwanza: Wakataji

Mkataji ndiye anayejulikana zaidi, na nitakaa kwake muda mrefu. Huandika simulizi kwa vipande. Kila kipande kina jina la hadithi kwa herufi kubwa, jina la mtunzi, namba ya WhatsApp, neno ILIPOISHIA, aya mbili za kurudia ya jana, neno ENDELEA, aya tano za leo, na neno ITAENDELEA likifuatiwa na onyo kwamba haki zote zimehifadhiwa. Hujitangaza Facebook na kula WhatsApp. Vipande kumi vya mwanzo huviweka hadharani bure. Cha kumi na moja, ambamo Neema anafungua mlango wa chumba cha hoteli, kinapatikana kwenye grupu.

Kiungo kikuu cha mnyama huyu ni mkato, na mikato haifanani. Mkato wa Mlango ndio wa kale: kitasa kinazunguka, mlango unafunguliwa taratibu, hakuna anayeonekana. Wazoefu wameuacha, kwa sababu msomaji amekwisha kujifunza kwamba ni jirani anaomba chumvi. Mkato wa Kuzimia bado unatumika, na kwa wingi unaopaswa kuishtua Wizara ya Afya; katika fasihi hii wanawake huanguka kila wiki na hakuna hata mmoja aliyewahi kujigonga kwenye meza. Mkato wa Simu una nguvu zaidi. Mume yuko bafuni, simu yake imeachwa kitandani, inawaka, jina lililohifadhiwa ni Fundi Bomba, na sauti inayotoka si ya fundi. Siri ya nguvu yake iko nje ya maandishi: kila anayeusoma, wakati huohuo, amelala karibu na simu ya mtu mwingine.

Lakini uliokomaa kuliko yote, na ambao ni wa kwetu kabisa, ni Mkato wa Bahasha. Vijana wawili wamependana, mahari imeshapokelewa, sare za kamati zimeshashonwa, ndipo shangazi anainuka na kudai kwamba hawa ni ndugu wa baba mmoja. Wanapelekwa kupimwa vinasaba. Majibu yanarudi kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha hiyo hukaa mezani kwa wiki nzima ya vipande. Watu wanaizunguka, wanaigusa, wanaiwekea glasi ya maji juu yake, mjomba anasema tusubiri na wa Morogoro wafike. Wanasheria watanikumbusha kwamba chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 mtu haendi tu na unywele wa mwanawe ndani ya bahasha. Maombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa, kwa mfano mahakama au ofisa ustawi wa jamii. Mashangazi wa riwayani hawajaisoma sheria hiyo, na fasihi ingekuwa maskini kama wangeisoma.

Nimefuatilia pia mwenendo wa sentensi kuelekea mkato. Sehemu ya 1 huwa na sentensi ndefu, mandhari, hata jua likizama pale Coco Beach. Kadiri malipo yanavyokaribia, sentensi zinafupika. Akageuka. Akamwona. Hakuamini. Nukta tatu. Muuza kahawa wa Kariakoo hugonganisha vikombe kabla hajakufikia ili kiu itangulie, na Mkataji hufanya kazi hiyohiyo kwa nukta hizo tatu. Wasomaji wenyewe wana jina la hali inayofuata: arosto. "Mtunzi umetuacha na arosto jamani, ongeza hata kamoja." Hilo ni lalamiko kwa sura, lakini kwa mtunzi ni risiti.

Mazingira ya makazi yameathiri maumbile. Kuanzia mwaka 2016 grupu la WhatsApp lilikuwa na ukomo wa watu 256. Mwaka 2022 ukapanda hadi 512, na kabla mwaka haujaisha ukafika 1,024. Zama za 256 zilikuwa za taabu. Mkataji mwenye magrupu manne alibandika kipande kilekile mara nne, na wale wa grupu la nne walikuwa wameshasimuliwa mwisho na dada zao wa grupu la kwanza. Baada ya 1,024 mambo yalitulia, ingawa palizuka tatizo jingine: miongoni mwa watu elfu moja hakosekani mmoja anayeitwa jina la mwovu wa hadithi, anayekaa Tabata kama yeye, na anayetaka kujua ni nani amekutuma.

Tasnifu isiyo na hesabu haipiti, kwa hiyo tukadirie. Grupu limejaa. Mmoja katika kila kumi analipa shilingi 1,000 za hadithi nzima. Wengine wanasema mwisho wa mwezi. Hizo ni shilingi laki moja na ushee. Toa bando. Toa makato. Toa waliotuma 900 wakasema ndiyo iliyokuwepo. Toa wifi, ambaye aliona ujumbe wa muamala. Wakati tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wachumi walijadili kwa kina mzunguko wa fedha na mapato ya serikali, lakini sikumsikia aliyejadili athari zake kwa bidhaa ya shilingi 500 iitwayo Sehemu ya 23. Ndiyo maana tangazo la Mkataji, hata liwe la hadithi ya kilio namna gani, halikosi sentensi ya mwisho: tuma na ya kutolea.

Ugumu mwingine ni kwamba matapeli wa simu waliwahi kuitumia lugha hiyohiyo. Nchi nzima imefundishwa kumwogopa mtu anayesema hela tuma kwenye namba hii, na Mkataji hana sentensi nyingine ya kusema. Hujitetea kwa maelezo ya ziada: "Jina litakuja la mwanaume, msiogope, ni mume wangu." Kwa njia hii mume, ambaye hajawahi kusoma hata kipande kimoja, ndiye mtu pekee katika fasihi ya Kiswahili ambaye jina lake linajulikana kwa kila msomaji aliyelipa. Ningependa sana kusoma simulizi iliyoandikwa na mmoja wa waume hawa.

Ngeli ya pili: Waliozimika

Ngeli hii ina wingi lakini haina umoja, kwa maana ukimtafuta mmojawao simu yake haipatikani. Ni Wakataji walioacha katikati. Mwanzoni hutoa udhuru, na udhuru wao ni utanzu unaojitegemea: kwanza umeme umekatika, kisha simu imeanguka majini, kisha kuna msiba, kisha kuna msiba mwingine wa mtu yuleyule. Baada ya hapo ni kimya, na grupu linageuzwa na waliobaki kuwa la kuuza vijora. Wapo wahusika niliowaacha leba tangu kabla ya korona. Hawajajifungua, wala hakuna nesi aliyetumwa.

Ngeli ya tatu: Wa Karatasi

Huyu ni mzee wa ukoo, hata kama kwa umri ana miaka thelathini. Anaamini kwamba kitu ambacho hakiwezi kuwekwa kwenye meza ya sebuleni si kitabu. Utamtambua kwa begi zito. Ndani yake mna nakala ishirini za riwaya yake, jalada likiwa na sura ya mwanamke anayelia machozi makubwa kuliko jicho, na ua jekundu ambalo halitajwi popote hadithini.

Safari yake huanza Maktaba Kuu, ile iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa mwaka 1967, kwa kuwa Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo inayotoa namba za ISBN. Akipewa tarakimu zake zinazoanza na 978, kisha, kwa mfano, 9976 au 9987, hubadilika mwendo. Nimeona mtunzi akiisoma namba hiyo kwa mama yake kwenye simu, tarakimu baada ya tarakimu, na mama akiitikia amina kila baada ya kistari.

Kutoka hapo anaingia kwa mpiga chapa, Kariakoo, na huko ndiko uhakiki wa kifasihi unakofanyika. Karatasi kubwa ya mashine ikikunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hupenda kuwa cha kurasa 80, 96 au 112. Riwaya iliyokuja na kurasa 99 inasababisha mazungumzo. Mpiga chapa, mtu mwenye wino kwenye kucha na asiyesoma mapenzi, anashauri ama kurasa tatu ziondoke, ama zilipiwe kumi na tatu tupu. Mtunzi anakwenda kukaa nje kwenye benchi na kalamu. Nina hakika, ingawa sina njia ya kuthibitisha, kwamba wahusika wengi wa riwaya zetu wamekufa kwenye benchi hilo. Ajali ya ghafla barabara ya Chalinze katika ukurasa wa 94, ambayo wanafunzi wa shahada wataieleza kuwa ni ishara ya usasa unaovunja familia, ni suala la kukunja karatasi.

Nakala zikishatoka, unafuata uzinduzi. Hapa mtunzi anahitaji ukumbi, mshereheshaji, keki yenye umbo la kitabu na mgeni rasmi. Mgeni rasmi bora ni diwani au mfanyabiashara anayetaka kuwa diwani. Hatarajiwi kusoma, anatarajiwa kununua nakala ya kwanza kwa bei isiyohusiana na karatasi, kisha wengine wafuate kwa kupandishiana bei. Kitabu cha shilingi 7,000 huenda kwa laki tatu mbele ya kamera, na mtunzi analia, safari hii kwa machozi ya ukubwa wa kawaida. Kesho yake mauzo yanarudi kwenye bei ya kawaida na kwa wanunuzi wa kawaida, yaani wafanyakazi wenzake ambao wameanza kupita mlango wa nyuma.

Zamani Wa Karatasi alikuwa na kituo cha mabasi cha Ubungo. Mchuuzi alipanda basi la Arusha na rundo mkononi, akasimulia mwanzo wa kisa kwa sauti, akanyamaza pale pazuri na kushuka na hela za watu watano kabla dereva hajatia gia. Mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, biashara hiyo ilikuwa imeshajeruhiwa na simu. Abiria ameinama tayari, anamsoma Mkataji. Rundo liko chini ya kitanda cha mtunzi. Likikaa sana panya hulianza kwenye utangulizi, na sijui kama ni kwa bahati.

Lazima niseme kwamba nawapenda hawa kuliko ninavyopaswa kama mtafiti. Tangu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, baadhi yao wameanza kumwandika msichana mrembo anayetafakari uzalendo kabla ya kubusiwa, na nawasihi waache.

Ngeli ya nne: Wahamishaji

Mhamishaji hatungi, anahamisha. Wako wa aina mbili na hawasalimiani.

Aina ya kwanza huhamisha tamthilia. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na taifa likagundua kwamba mama mkwe wa Beijing na wa Buguruni walisoma darasa moja. Baadaye zikaja za Kituruki, nazo zikapewa sauti za Kiswahili. Mhamishaji anaketi mbele ya televisheni na daftari. Kasri la Istanbul linakuwa nyumba ya ghorofa Mbweni, pasha anakuwa mmiliki wa mabasi, farasi anakuwa gari la kifahari, na theluji, ambayo haina pa kuhamia, inakuwa mvua ya masika au inapelekwa Makete. Kazi yake si ya kudharau. Kuna ustadi katika kumfanya mwanaume wa Kituruki aombe radhi kwa Kiswahili cha Tanga, na wapo wanaoweza.

Aina ya pili huhamisha kazi ya mwenzake. Anachukua simulizi nzima, anabadili Rehema kuwa Jackline na Kimara kuwa Kijenge, anafuta namba ya simu ya mtunzi na kuweka yake. Kasoro ya mbinu ni kwamba hana subira. Hubadili majina hadi Sehemu ya 13, usingizi unamchukua, na katika Sehemu ya 14 Rehema anaingia sebuleni kwa Jackline bila hodi na kuanza kumlilia mume. Wasomaji hudhani ni mchepuko. Wengine humsifu mtunzi kwa kuwashtukiza. Nimesoma uchambuzi mzuri kabisa, ulioandikwa na msomaji kwa dole gumba moja, ukieleza kwamba Rehema ni dhamiri ya Jackline.

Dhidi ya hawa kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 pamoja na COSOTA yake, na kuna WhatsApp, ambayo mwaka 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au magrupu matano kwa mara moja. Mtunzi aliyeibiwa hategemei sana yote hayo. Yeye huweka mtego: anaficha jina la utani la mwanawe ndani ya Sehemu ya 7, kisha anatafuta.

Ngeli ya tano: Waliojifunika

Ni walimu, manesi, mashemasi na mtu mmoja ninayemshuku wa ofisi ya ardhi. Wanaandika chombezo, tawi lenye joto la ukoo huu, chini ya majina yenye Queen au Mama ndani yake. Wengi wa Mama hao wana ndevu. Wanajua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ponografia na kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni na ada. Kutokana na sheria hizo umezaliwa mtindo ambao wahakiki hawajautambua: Uzimaji wa Taa. Mambo yanapofika pazito, mhusika mmoja huzima taa, na mtunzi hukaa gizani kwa aya nzima akisimulia feni. Feni la dari limepata nafasi katika fasihi ya sasa ambayo mwezi ulikuwa nayo katika ushairi wa kale.

Kabla hatujaona kuwa haya ni ya kwetu peke yetu, tukumbuke Kano, kaskazini mwa Nigeria, ambako wanawake wamejichapishia riwaya za mapenzi kwa Kihausa tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na mwaka 2007 vitabu hivyo vikachomwa moto hadharani. Huko hawakuuliza tofauti kati ya taa kuwaka na kuzimwa.

Malisho

Chakula cha ngeli zote ni msomaji, na hapa data zangu ni nyingi ila hazijapangika. Yupo wa "naomba nisome kwanza nitalipa", ambaye amesoma riwaya nyingi kuliko mhadhiri yeyote na hadaiwi na mtu kwa sababu amebadili laini. Yupo mkosoaji wa mavazi, anayeuliza kwa nini bibi harusi alivaa viatu vyeusi katika Sehemu ya 9. Yupo mwanaume, mmoja kwa kila grupu, aliyejiunga kwa jina la mke wake na hujisahau pale mhusika anapotengeneza gia boksi kimakosa.

Na wapo wadada wa Muscat. Hawa ni nguzo. Wengi wametoka Tanga, Dodoma, Singida, wamekwenda Omani kufanya kazi za ndani, na kule saa iko mbele ya yetu kwa saa moja; kipande kinachotoka saa nne usiku Dar kinawakuta saa tano, vyombo vimeshaoshwa, mlango wa chumba kidogo umefungwa. Hawawezi daima kulipa wenyewe, kwa hiyo mdogo mtu aliye Muheza hutuma kwa niaba yao. Hawaombi punguzo. Wanachoomba ni kwamba shujaa asiwe tajiri aliyesafiri akasahau kurudi, na mtunzi mwenye akili huwasikiliza. Nimeona hadithi ikigeuzwa mkondo ndani ya usiku mmoja kwa sababu ya ujumbe wa sauti kutoka huko: mume aliyekuwa akitaka kuoa mke wa pili kwa hela alizotumiwa aliamka na kiharusi. Nadharia ya Mwitiko wa Msomaji haina sura inayoeleza jambo hilo.

Neno la haki kuhusu ubora. Mapenzi yenyewe katika kazi hizi mara nyingi ni mabovu. Watu wanashusha pumzi ndefu kila mstari, macho yanakuwa malegevu, na busu linaelezwa kwa lugha ya kujaza fomu. Lakini ugomvi! Mawifi wawili jikoni, mama anayemtuma mwanawe dukani ili aweze kumtukana mkwewe, mwanamke anayemjibu mumewe kwa upole unaotisha: sioni ni wapi leo Kiswahili cha majibizano kinaandikwa vizuri kuliko humo, na nasema hivyo nikiwa nimezisoma riwaya dhati pia, kwa mtihani.

Ngeli ya sita: Wamalizaji

Hii ni nadra, na baadhi ya wenzangu wanadai ni ya kubuni. Mmalizaji huandika neno MWISHO na kumaanisha. Tatizo lake ni la kibiashara kabla halijawa la kisanaa: siku kusubiri kunapokwisha, ghala ni tupu, na msomaji aliyeridhika hana sababu ya kufungua simu kesho.

Mmoja niliyemfuatilia alimuua shujaa wake wa kike kwa saratani, hospitali ya Ocean Road, kwa ustadi na bila nukta tatu. Lilikuwa jambo zuri. Grupu lililia hadi saa nane, kisha likaanza kuhama. Kufikia mchana majina yaliyoondoka yalijaza kioo. Wengine walimtumia mtunzi rambirambi za kweli, pamoja na ya kutolea, wakimwomba afikirie upya. Admini, ambaye ni dada yake, alimpigia simu. Jioni ile, saa tatu kamili, basi kutoka Kahama liliingia Mbezi Luis, akashuka mwanamke mwenye sura ileile, alama ileile ya kuzaliwa chini ya sikio la kushoto, na begi, akiulizia njia ya kwenda msibani kwa pacha wake.